Rimu ya Mtakatifu Blasio

Ukuta wa jikoni ulimwangukia Nyanchera saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa ameinama kuchochea moto chini ya sufuria ya uji wa watoto. Ulikuja wote kwa mpigo mmoja. Uji ukamwagika motoni, mvuke ukatoka mlangoni, na walimu waliochungulia wakadhani ni moshi wa kuni mbichi, wakarudi darasani. Aliyeingia kwanza ni mumewe, Ogoti, mlinzi na mpiga kengele wa shule. Aliona kiatu cha plastiki cha buluu, basi. Akaanza kufukua kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka, na kila jiwe alilolitupa nyuma alilijua, kwa sababu babake ndiye aliyelipanga pale.

Siku ya mazishi Sylvanus, mwenyekiti wa bodi ya shule, alisimama kando ya kaburi na suti yake ya kijivu akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakuchanganya udongo ule," Ogoti alisema, na watu wote wakamsikia. "Mke wangu alikuambia mara tatu ukuta una ufa. Mara tatu, Sylvanus. Ulimwambia angoje jubilei."

Wajomba walimshika mabega wakamsogeza nyuma, wakisema uchungu ndio unaongea. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Jubilei yenyewe, ya miaka sitini ya shule, ilipangwa mwezi wa kumi, na askofu alikuwa amekubali kuja.

Shule ya Msingi ya Mtakatifu Blasio, pale Nyaraboke, juu kidogo ya mashamba ya chai, ilijengwa kwa mawe na viboko. Mwaka wa kwanza padri Mholanzi aliamuru kila mtoto aje na jiwe kutoka mtoni kila asubuhi. Aliyekuja mikono mitupu alilazwa kifudifudi mbele ya wenzake akachapwa vitatu. Ogoti mwenyewe alikuja kusikia hadithi hizo kwa babake, fundi Mogire, ambaye alijenga ile safu ndefu ya madarasa, jikoni likiwa mwisho wake. Walijengea udongo wa kichuguu. Padri alisema simiti itakuja. Simiti ilikuja kweli, magunia kwa magunia, ikajenga kanisa na nyumba ya padri. Safu ikabaki na udongo wake, ikapakwa chokaa juu, na miaka sitini wakubwa wakawa wanabadilisha rangi tu.

Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori la misheni lililopinduka zamani. Ilining'inia kwenye mkaratusi kwa mnyororo, na Ogoti aliigonga kwa kipande cha chuma kwa miaka ishirini na sita. Mapigo ya polepole yalikuwa ya masomo, kila mtu alijua. Mapigo ya haraka, yasiyohesabika, yalikuwa na maana moja peke yake: wezi wa ng'ombe wamevuka mto. Yakilia hayo, watoto waliacha vitabu wazi na kukimbilia kanisani, jengo pekee la simiti, walimu wakafunga milango kwa ndani. Wanaume wa Nyaraboke nao walitoka popote walipokuwa, na chochote walichokuwa nacho mkononi.

Mara ya mwisho ilikuwa miaka minane iliyopita. Wezi hawakuja kwa miguu kama zamani, walikuja na kanta, lori dogo lililofunikwa turubai, wakapakia ng'ombe wa maboma matatu mchana kweupe. Nyangate, aliyejaribu kuziba njia, walimpitishia mkuki tumboni, akafa kabla ya kufikishwa hospitali ya Nyacheki. Tangu hapo, kanta yenye turubai ilipopita kule juu, wazee waliacha kuchuma chai wakaiangalia mpaka iishe machoni. Na kijana mmoja mlevi aliyeigonga rimu kwa mzaha mwaka uliofuata alivunjwa mbavu nne. Hakuna aliyeuliza ni akina nani waliomvunja. Wote walikuwa pale.

Baada ya mazishi, Sylvanus alileta kengele ya umeme, zawadi ya jubilei. Hedimasta akamwita Ogoti ofisini akamwambia sasa kazi yake ni geti tu. Rimu ikaachwa mtini kwa ajili ya hatari.

Ogoti hakujali kengele. Alichojali ni ule ufa. Jikoni lilikuwa limeanguka, lakini ufa ulikuwa umeendelea na safari yake mpaka darasa lililofuata, gredi ya kwanza, watoto arobaini na watatu. Mmoja wao alikuwa Edinah, mjukuu wake, ambaye mamake alikuwa kazini Nairobi na sasa alikuwa hana mtu wa kumsuka nywele ila babu. Dawati lake lilikuwa la nyuma kabisa, limeegemea ukuta wenyewe.

Alifanya kama babake alivyomfundisha. Alichukua kipande cha kioo, akakibandika juu ya ufa kwa simiti kidogo, upande huu na upande ule. Ukuta ukitulia, kioo kinakaa. Ukitembea, kioo kinakatika. Kilikatika siku ya pili. Akabandika kingine, kikakatika usiku mmoja.

Alimpelekea Sylvanus vipande mkononi, akamkuta anasimamia wapaka rangi.

"Tazama mwenyewe, Sylvanus."

"Ogoti, utajikata."

"Huu ukuta unatembea. Lile tangi la maji uliloweka linafurika nyuma pale, maji yanaingia kwa msingi. Hamisha watoto wakae kanisani mpaka ujenzi."

"Kanisani kuna kwaya, wanafanya mazoezi." Sylvanus aliwaangalia wapaka rangi akatabasamu. "Darasa la tatu umeliacha ukiwa na jino la utotoni, leo wewe ni injinia?"

Wapaka rangi walicheka. Mmoja akasema, "Injinia wa vioo!"

"Nilikuwa injinia siku nilipomfukua mke wangu," Ogoti alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Kicheko kilikatika. Sylvanus alimsogelea akateremsha sauti. "Sikiliza, omogaka, mzee wangu. Ukiendelea kutisha wazazi kabla ya askofu kuja, hata hilo geti utalipoteza." Kisha akamwonyesha mpaka rangi ule ufa kwa kidole. Mpaka rangi akaujaza plasta, akaupaka krimu juu na buluu chini. Ukapendeza sana.

Ijumaa ya mwisho kabla ya jubilei, mchana, kanta ilifika kutoka Kisii mjini ikiwa na mahema na viti vya kukodisha, vimefunikwa turubai. Dereva alikuwa Gulled, mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye mzaha mdomoni. Nyuma ya kanisa gari lilizama kwenye matope. Ogoti alimletea mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, na zilipokataa kusaidia, akamletea chai ya thermosi yake.

"Mzee, shule ina miaka sitini na haijazaa barabara?" Gulled alimuuliza akipuliza kikombe.

"Imezaa wenyeviti," Ogoti alijibu.

Gulled alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Basi mwenyekiti wenu ndiye aliyenipigia simu jana usiku mara tano. Mahema meupe, Gulled, mahema meupe, askofu hapendi rangi. Nikamwambia bosi, hema nikikuletea jeusi utanifukuza?"

"Angekufukuza."

"Nikitoka hapa nitakuachia hema moja, ulale ndani kama askofu."

Ilikuwa miezi sita Ogoti hajacheka na mtu. Aliondoka pale akiwa mwepesi kidogo, na mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kujikinga chini ya mti. Ilipiga mabati mpaka walimu wakaacha kufundisha kwa kuwa hawasikiki. Tangi la Sylvanus lilifurika, na maji yakaanza kuchimba chini ya safu. Ogoti alizunguka nyuma akaona msingi umebaki wazi, udongo wa babake unatoka mwekundu kama damu ya kuku. Akakimbia mbele. Mlango wa gredi ya kwanza ulikuwa umekwama nusu, haufungi wala haufunguki. Mwalimu Roselyne alikuwa anausukuma kwa bega.

"Mwalimu, toa watoto."

"Mzee Ogoti, tafadhali."

"Huo mlango ulifunga asubuhi?"

Roselyne aliacha kusukuma. Mlango ulifunga asubuhi.

"Hedi amesema nisikusikilize," alisema mwishowe, machozi yakimlenga. "Ametuita sote ofisini. Amesema tangu nyanya yake Edinah afariki, wewe kichwa kimekuruka. Nikiwatoa kwenye mvua hii bila ruhusa, nitaandikiwa barua ya onyo. Niende nimuulize?"

"Nenda."

Alienda akikimbia. Hedimasta hakuwepo, alikuwa ameenda Nyamira na Sylvanus kuchukua keki. Ogoti alichungulia kwa mlango. Edinah alikuwa amekaa nyuma kabisa, anafuta kitu begani. Alikitazama kidoleni, akamwonyesha mwenzake. Kilikuwa plasta, ya rangi ya krimu.

Ogoti hakukumbuka kutembea mpaka mkaratusi. Alikumbuka chuma mkononi, na lile wazo moja: wakija wakute hakuna wezi, watanivunja mbavu kama yule mlevi, na wavunje. Alijihesabu yeye peke yake. Akaigonga rimu, haraka, bila kuhesabu, mpaka sikio la kushoto likaziba.

Watoto walitoka kama nyuki. Mwalimu Roselyne, aliyekuwa anarudi mbio kutoka ofisini, alikuwa wa kwanza kuwageuza wake kuelekea kanisani, anawasukuma, anawabeba wawili wawili. Ogoti alimwona Edinah akipita na kiatu kimoja. Milango ya kanisa ikafungwa, komeo likaingia. Akateremsha chuma. Wote wamo. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, kifua chake kilifunguka.

Halafu akasikia wanaume.

Walikuja kupitia mashamba ya chai, wameloa, na mapanga, marungu, mmoja na uma wa samadi. Hawakusimama kuuliza. Rimu ilikuwa imekwisha kuwaambia. Na kitu cha kwanza walichokiona, nyuma ya kanisa, ni kanta yenye turubai, na mgeni ndani yake anakanyaga mafuta kwa nguvu ajitoe matopeni.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo ile ile!"

Kioo cha mbele kilipasuka kabla Ogoti hajafika nusu ya uwanja. Walimvuta Gulled kupitia dirishani. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili, "Mahema! Ni mahema! Fungueni mwone!" lakini mvua ilikuwa inapiga mabati ya kanisa na ndani yake watoto mia nne wanalia. Rungu lilimpata mdomoni. La pili likampata sikioni. Panga lilishuka likakata mkono wa shati na nyama iliyokuwa ndani.

"Ni mimi!" Ogoti alipaza sauti. "Nimegonga mimi! Hakuna wezi! Hakuna wezi, nyinyi!"

Mtu alimsukuma kando kama mlango. Binamuye mwenyewe alimpita bila kumtambua, amekodoa macho, anapiga kelele jina la Nyangate.

Hapo ndipo Ogoti aliliona gari la Sylvanus likiingia getini. Lilisimama. Sylvanus alikuwa usukani, hedimasta kando yake na keki mapajani. Ogoti aliwapungia mikono yote miwili. "Mwenyekiti! Waambie! Huyu unamjua, ulimwita wewe!" Na Sylvanus alimwona, na alimwona Gulled chini ya marungu, mtu aliyempigia simu mara tano. Alitazama mapanga. Kisha akapandisha kioo cha gari mpaka juu, na gari likarudi nyuma polepole, likatoka getini.

Gulled aliponyoka. Hakuna aliyejua vipi, labda ni ule utelezi wa damu na matope. Alikimbia akiyumba mpaka mlango wa kwanza aliouona nusu wazi, akajipenyeza. Gredi ya kwanza.

"Siyo humo!" Ogoti alilia. "Gulled, toka, siyo humo!"

Gulled alikuwa tayari anaburuta madawati kuziba mlango. Ogoti alifika akasimama kizingitini, ameupa mlango mgongo, amenyoosha mikono. Sasa walimtambua.

"Toka hapo, mzee."

"Huyu ni mtu wa mahema. Rimu nimegonga mimi, kwa sababu ya ukuta. Nipigeni mimi."

"Anamficha!" mmoja alisema. "Ameshirikiana nao!"

Rungu lilishuka kwenye mkono wake wa kulia, ule wa kengele, na akasikia mifupa ikivunjika kabla ya kusikia maumivu. Hakutoka. Likashuka tena, begani. Aliteleza akakaa chini, lakini mgongo ukabaki mlangoni.

"Zungukeni nyuma!" sauti ikasema.

"Msiguse ukuta," Ogoti alisema, lakini sauti ilikuwa imebaki ya kuzungumza na nafsi yake.

Nyuma kulikuwa na gogo la jukwaa la askofu. Vijana sita waliliinua, wakarudi hatua, wakalipeleka. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu halikugota. Likapita tu, kama mkono unaoingia kwenye ugali, na darasa zima la gredi ya kwanza likalala ndani.

Vumbi halikuinuka sana, mvua ililishika. Mlango ulimsukuma Ogoti mbele akaanguka uso matopeni. Alipogeuka, pale ambapo palikuwa na darasa palikuwa na mawe ya mtoni, na katikati ya mawe mifuko midogo ya shule, ya pinki na ya buluu, imebanwa. Wanaume walisimama na mapanga yao. Mmoja alianza kuita jina la bintiye, gredi ya kwanza, ingawa sauti za watoto zilisikika wazi kutoka kanisani. Mwingine naye akaanza. Wakatupa silaha wakaingia kwenye mawe, wanafukua, wanalia, mpaka wakampata Gulled. Kutoka paja kwenda chini, mguu wake wa kushoto ulikuwa na sura ya kitu kingine.

Waliisukuma kanta mpaka ikatoka matopeni, wakampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, amelazwa juu ya mahema meupe, na Ogoti kando yake.

Jumapili jubilei ilifanyika. Mahema yalioshwa. Sylvanus aliwaambia waandishi wa habari kwamba ukuta ulikuwa imara, miaka sitini, ila umeangushwa kwa gogo na wahuni, na kwamba mlinzi mmoja aliyechanganyikiwa ndiye aliyezua fujo, polisi wanashughulika. Hakuna aliyeweza kumbishia. Ukuta ulianguka kwa gogo, wote waliona. Mwalimu Roselyne alikuja hospitali Jumatatu, akasimama karibu na kitanda cha Ogoti, akasema kwa sauti ndogo, "Arobaini na watatu, mzee. Niliwahesabu mara sita." Kisha akatoka haraka asionekane.

Mchana Sylvanus mwenyewe alikuja na mkate, maziwa na mtu wa kamera. Alisimama katikati ya vitanda viwili, cha Ogoti na cha Gulled, akaweka mkono juu ya blanketi, mahali ambapo mguu wa Gulled ungekuwa. Alipohisi pako tambarare aliuondoa. Picha ikapigwa hivyo hivyo. Gulled alikuwa na nyuzi mdomoni. Ogoti alichukua ule mkate kwa mkono wa kushoto akamtupia Sylvanus usoni, nguvu zake zote. Ulimgonga kwenye miwani. Muuguzi alimgombeza Ogoti, si Sylvanus.

Walibaki wawili. Kutoka dirishani uliweza kusikia makondakta wakiita abiria wa Suneka.

"Mzee," Gulled alisema. Maneno yalipita kwa shida kwenye nyuzi. "Wanasema kengele ulipiga wewe."

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya ukuta."

"Kwa sababu ya ukuta. Mjukuu wangu alikuwa ndani. Kulikuwa na watoto arobaini na watatu."

"Ungeanguka bila gogo?"

Ogoti alivifikiria vile vipande vya kioo, na plasta begani mwa Edinah. "Ungeanguka."

Gulled aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali hesabu. "Na ulijua kengele hiyo inaita mapanga."

"Nilijua. Nilifikiri watanipiga mimi."

"Tulikunywa chai," Gulled alisema. "Kutoka kwenye gari langu mpaka kwenye mti wako ni hatua ngapi? Ungenipitia. Ungesema tu, Gulled, ingia kanisani na watoto."

 Kwa miezi sita Ogoti alikuwa na jibu kwa kila mtu, kwa mwenyekiti, kwa hedimasta, kwa padri, hata kwa Mungu kando ya kaburi. Alimtazama kijana yule akingoja, akaanza kuzihesabu hatua zile kimoyomoyo, kutoka kwenye gari mpaka kwenye mti.